Mchezaji Aliyetuma Timu Ukweni

Mandawa, Ruangwa
12 Novemba 1950

Kwa mpwa wangu Mikidadi bin Shaban,

Kosa wanalofanya vijana wengi ni kudhani kwamba jembe la ukweni ni la kulimia shamba. Nimeliweka neno hili mbele ya salamu kwa makusudi, kwa sababu naijua tabia yako: barua ndefu huisoma mwanzo na mwisho, katikati ukaruka kama mtu anayevuka kijito.

Sasa salamu. Sisi hapa wazima. Mama yako anakusalimu, goti lake limepoa. Korosho zinaanguka, na asubuhi harufu ya mabibo inajaa njia yote hadi kisimani, mtu anatembea kama amelewa bila kunywa.

Nirudi kwenye jembe. Mzee Abdalah, mjomba wake Sikuzani, ameikubali posa yetu. Kwetu sisi Wamwera mtoto ni wa mjomba wake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekusemea wewe, na yeye ndiye aliyemsemea binti. Tulikaa mkekani tangu adhuhuri mpaka alasiri, tukazungumza juu ya kila kitu isipokuwa ndoa, na tulipoinuka ndoa ilikuwa imekwisha kuzungumzwa. Jembe lako jipya nimelipeleka mwenyewe. Limetundikwa barazani kwa Bi Ashura, mama yake binti. Mvua ikianza utakwenda kulichukua, ulime kwao mpaka palizi iishe.

Sikiliza maana yake. Bi Ashura hakosi mlimaji. Mtu akija kusalimia amevaa kanzu na kujipaka mafuta, huwezi kumjua. Lakini akilima siku nyingi katika shamba la watu, utaona anavyochoka, anavyosema jembe likigonga kisiki, anavyopokea maji, na kama hununa ugali ukichelewa. Mama mkwe hatakusogelea, heshima hairuhusu. Atakuwa upande wa pili wa shamba, ameinama kama hakuoni. Anakuona. Mimi niliwahi kulimia ukweni nikadhani hakuna anayenitazama, na baada ya miaka ishirini mama mkwe wangu akanieleza siku niliyompiga teke mbuzi wake.

Jembe likirudishwa kwangu, uchumba umevunjika. Hakuna kesi wala maneno. Basi njoo kwa wakati.

Tomasi, dereva wa lori la duka anayekuletea barua hii, anasema siku hizi unacheza mchezo mwingine mbali na mpira wa miguu. Anasema watu huvaa nguo nyeupe na kusimama uwanjani siku nzima bila kufanya kitu. Nimemwambia hiyo ama ni sala ama ni msiba. Nieleze.

Mjomba wako,
Amri Chilumba
(Mwalimu mstaafu)


Nachingwea
20 Novemba 1950

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeisoma yote, hata katikati. Mwambie mama nimefurahi kusikia habari ya goti.

Mchezo unaitwa kriketi. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi nyekundu, mdogo kama chungwa. Mwingine anailinda miti mitatu mifupi kwa ubao. Akiupiga mpira mbali, anakimbia kujipatia alama. Sisi wengine tumetawanyika uwanjani, na tukiudaka kabla haujagusa ardhi, yule ametoka. Ni hivyo tu. Lakini unaweza kuchukua siku nzima, na katikati watu husimama wakanywa chai.

Aliyeniingiza ni Bwana Kaitano, karani Mgoa wa stoo ya vipuri ninakofanya kazi. Mwenzao mmoja aliugua homa, wakapungukiwa. Yeye alikuwa ameniona nikirusha nati tupu kwenye pipa lililo upande wa pili wa ua. Akaniuliza, "Mikidadi, mkono huo umeupata wapi?" Nikamjibu, "Kwa nyani wa shamba la mjomba wangu." Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Tangu hapo nacheza nao Jumapili. Jumamosi nacheza mpira wa miguu na wenzangu wa kambini, winga wa kushoto kama zamani. Hatulipwi popote. Ukiuliza napata nini, napata chai na sambusa, na watu wananiita jina langu nikipita sokoni.

Mjomba, ngoja nikueleze kitu ambacho siwezi kuwaeleza wenzangu. Hapa Nachingwea msitu umelala. Matingatinga mawili ya mradi wa karanga yanavuta mnyororo katikati yao, na miti inainama kama majani yaliyopitiwa na tembo. Kisha yanaondoka, inabaki ardhi nyekundu isiyo na mwisho, hata jicho linachoka kwenda. Mahali pamoja karanga zilikataa kuota, ndipo wakatengeneza uwanja. Mimi wananiweka pembeni kabisa, karibu na mpaka. Wachezaji nawaona wadogo, weupe, kama matonge ya pamba yaliyomwagika. Sauti ya ubao inanifikia baada ya mpira kuondoka. Nasimama pale, upepo unapita, vumbi linapita, na mara nyingine sijui kama nimesinzia au niko macho. Halafu mpira unapanda. Unapanda mpaka unakuwa nukta, unasimama juu kama mwewe, na moyo wangu unasimama nao. Halafu unaanza kunijia mimi. Mimi tu, katika nchi yote ile.

Kwenye mpira wa miguu huna nafasi ya kuota. Kule ni mbio, kelele, na Agapiti, golikipa wetu wa Mnero, anakutukana tangu mwanzo hadi mwisho: "Miki, kimbia, huo mguu umeuazima?" Naipenda michezo yote miwili, kama mtu anavyopenda soko na kupenda kisima.

Jumapili ya tarehe tatu Desemba tuna mchezo mkubwa, timu ya Bwana Kaitano na ya Wazungu wa karakana. Ukiisha nakuja. Mwambie Bi Ashura jembe langu lisishike kutu.

Mpwa wako mtiifu,
Mikidadi


Mandawa
19 Desemba 1950

Mpwa wangu Mikidadi,

Leo sitatanguliza salamu wala kosa. Nitatanguliza habari, kisha wewe mwenyewe useme ni salamu au ni kosa.

Mvua ilianza wiki iliyopita. Watu wote wameingia mashambani. Jumapili asubuhi nilisikia lori, nikasikia nyimbo, nikatoka nje nikidhani ni arusi. Ni vijana, wamejazana nyuma ya lori la Tomasi, majembe yamesimama juu yao kama pembe. Wakashuka kwa Bi Ashura. Yule mrefu, Agapiti, akavua kofia akasema, "Shikamooni. Sisi ni timu ya Mikidadi. Yeye amepatwa na udhuru, sisi tumekuja kumlimia."

Mikidadi, walilima. Sikatai. Walilima kwa nyimbo, mstari mmoja, shamba lile lililopangiwa wiki nyingi likaisha kabla ya alasiri. Lakini mtu akija kulima kwa ujima hulishwa, nawe unajua. Bi Ashura alikuwa ameweka ugali wa watu watatu. Ilimbidi akimbie kwa jirani kuazima unga, akachinja jogoo na kuku anayetaga, na bado Agapiti akauliza kama kuna ukoko. Sikuzani alichota maji mpaka njia ya kisimani ikalowa.

Jioni Mzee Abdalah alinijia. Hakukaa. Akasema, "Mwalimu, hongera. Binti yangu amechumbiwa na watu kumi na mmoja. Sasa nieleze, mkwe wangu ni yupi? Yule golikipa? Maana huyo ndiye aliyekula zaidi."

Nikasema, "Mzee, kijana ana udhuru."

Akasema, "Udhuru una jina? Homa ina jina. Msiba una jina. Huu wa kwake unaitwaje?"

Mimi niliyefundisha watoto wa Lindi miaka mingi, niliyezoea kuwa na jibu hata pale nisipokuwa nalo, nilitazama chini nikaona sisimizi wanahamisha mayai yao.

Nilikuandikia maana ya jembe lile mapema, waziwazi. Kwa hiyo siwezi kusema hukujua. Nipe jina la udhuru wako.

Mjomba wako,
Amri Chilumba


Nachingwea
2 Januari 1951

Kwa Mheshimiwa Mjomba Mwalimu Amri Chilumba,

Ninayo heshima kubwa kukuarifu kwamba barua yako ya tarehe kumi na tisa mwezi uliopita imenifikia salama nami nimeielewa.

Kuhusu suala la kutofika kwangu, naomba ijulikane kwamba kazi za stoo zimekuwa nyingi kutokana na vipuri vilivyoshushwa kutoka bandarini. Wenzangu walijitolea kwa hiari yao, nami niliona ni vema shamba lisichelewe kwa sababu yangu. Naomba radhi kwa jogoo na kwa kuku anayetaga.

Mchezo wetu tulishinda.

Mjomba, mvua hapa inanyesha juu ya ardhi tupu na hakuna jani la kuipokea, kwa hiyo inalia sauti moja, kama watu wengi wanaonong'ona nje ya mlango. Mchana nikipumzika naota niko shambani kwa Bi Ashura. Ufuta umechanua. Mimi nimesimama mbali mpakani na jembe liko katikati ya shamba, nalo haliji kwangu, na mimi siendi kwake.

Nitafika mara nafasi itakapopatikana.

Wako katika utii,
Mikidadi bin Shaban


Mandawa
21 Januari 1951

Mikidadi,

Nimekaa na barua yako muda mrefu kuliko ilivyostahili. Naona nikueleze sababu.

Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Nilikushika kidole mchangani, uani kwetu, kabla hujaenda shule. Herufi zako huegemea nyuma, kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka. Barua iliyokuja ina herufi zilizonyooka, na kila herufi kubwa ina mkia kama wa jogoo. Huo si mwandiko wako. Na hayo "ninayo heshima kukuarifu" si maneno yako. Nikajiambia: mpwa wangu amekuwa bwana mkubwa, ana mtu wa kumwandikia barua. Kalamu anatuma mtu, jembe anatuma watu. Kimebaki nini cha kufanya mwenyewe?

Hilo nilitaka nilimeze. Lakini Jumamosi iliyopita Tomasi alirudi kutoka huko, akasema mbele ya watu dukani, bila ubaya, kwa kukusifu, kwamba amekuona uwanjani ukicheza mpira. Amesema ulikimbia winga ya kushoto mkono mmoja umeutia ndani ya shati, kwa madaha, kama kusema mguu peke yake unawatosha hawa. Ulifunga goli. Watu dukani wakashangilia. Mzee Abdalah alikuwapo, amekuja kununua chumvi. Hakushangilia. Alinunua chumvi yake akaondoka.

Kwa hiyo nafasi ya kucheza ipo.

Nilikwenda kwa Bi Ashura kujaribu kupoza. Yeye alikuwa ndani, mimi barazani, tukazungumza kupitia ukuta kama inavyostahili. Jembe lako lilikuwa linaning'inia juu ya kichwa changu. Nikasema shamba limelimwa vizuri. Akanijibu, "Mwalimu, shamba hilo nililima kabla yake na nitalilima baada yake. Mimi ni mjane. Kijana huyo akiingia humu ndani, ndiye atakayenizika. Nataka kumwona akichoka. Mtu aliyechoka hawezi kudanganya."

Mimi nilidhani naijua maana ya jembe, nikakuandikia karatasi nzima. Yeye aliisema kwa pumzi moja.

Mzee Abdalah ametoa neno: palizi ikiisha bila wewe kuonekana, jembe litarudishwa. Mwanamke akirudisha jembe hachukui muda kupata mchumba mwingine, wewe unamjua Sikuzani. Na ukoo wetu hautaposa tena katika nyumba ile, si kwako, si kwa wadogo zako.

Sikulaumu tena. Nimechoka kulaumu karatasi.

Amri Chilumba


Mandawa
6 Februari 1951

Kwa Mikidadi,

Si desturi mimi kukuandikia, kwa hiyo ukiulizwa, barua hii hukuipata. Nampa Tomasi aifiche chini ya kiti. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, usicheke mwandiko. Angalau ni wa kwangu.

Mjomba Abdalah anazunguka kijiji kizima akisema nimechumbiwa na watu kumi na mmoja. Watu wanacheka. Wasichana kisimani wananiuliza, "Bibi arusi, leo ni zamu ya beki au zamu ya golikipa?" Nimewajibu waulize waume zao, ambao hata timu hawana.

Lakini mimi niliwapa maji wenzako, na anayegawa maji huhesabu. Walikuja kumi. Timu ilikuwa imepungua mtu. Na walipolima walipanga mstari mmoja, wakaacha nafasi katikati, upana wa mtu mmoja, na kila walipomaliza tuta wale wawili wa kando yake waligawana nafasi ile bila kuambiana. Nikajua pale ni mahali pako. Watu hawamwachii nafasi namna ile mtu anayejidai.

Nikamfuata Agapiti alipokwenda kunawa. Nikamwuliza, "Mwenzenu ana nini?" Akasema, "Kazi nyingi, shemeji." Lakini mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe nyuma ya mgongo, kama mtoto anayeficha kitu. Nikasema, "Ni mkono?" Akasema, "Mimi sijasema." Nikasema, "Basi usiseme. Vidole au mkono mzima?" Akaangalia mbingu, akasema, "Shemeji, wewe ungefaa polisi."

Sijamwambia mtu. Si mama, si mjomba wako, ambaye siku hizi anapita njiani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ningeweza kusema, nao wangekuonea huruma, jembe likabaki. Nimekataa. Sitaki uingie nyumbani kwetu kwa huruma niliyokuombea mimi. Nami sitaki mume ambaye siku akiumia nitasikia kwa golikipa.

Hivi unaniona mimi ni mtu gani? Ulidhani nitahesabu vidole vyako?

Palizi inaisha. Jembe litarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala. Mimi ndiye nitakayelishusha ukutani, ndivyo desturi ilivyo, kisha mjomba alipeleke kwenu. Nikilishusha sitalipandisha tena, Mikidadi. Nakuambia ili usiseme hukuambiwa.

Sikuzani binti Mtauka


Nachingwea
13 Februari 1951

Shikamoo Mjomba.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Samahani kwa mistari. Nitasema maneno machache, kila neno lina jasho.

Ile barua ya Januari aliandika Agapiti. Alisoma kwa mapadri, anapenda mikia. Mimi nilisema tu.

Tarehe tatu Desemba. Jua la alasiri. Walikuwa wamebakiza mtu mmoja, na akipiga mara moja tena wanashinda wao. Mimi mpakani. Nilikuwa kama nimelala nimesimama. Nikasikia ubao. Nikatazama juu, mpira uko ndani ya jua. Sikuuona, Mjomba. Niliona weupe tu. Nikainua mkono mahali ambapo nilihisi utafika, ukafika. Vidole vitatu vilivunjika, nilisikia vikilia kama vijiti vya kuwashia moto. Sikuuachia. Wote walinikimbilia wakanibeba, mimi nimekaza mpira kifuani, sikuweza kufungua mkono wala kufunga. Bwana Kaitano ndiye aliyeuona uso wangu akasema niwekwe chini.

Wamenifunga vibao. Vibao vimetoka mwezi uliopita. Vidole viwili vimekaa vimenyooka, havikunjiki. Daktari amesema labda vitakunjika, labda havitakunjika. Jembe siwezi kulishika kwa mkono huu. Nimejaribu na mpini wa fagio.

Aliyevunjwa na tingatinga watu humwonea huruma. Aliyevunjwa na mchezo huchekwa. Na mchezo wenyewe wa kusimama. Niliona heri mniite mwenye kiburi. Mtu mwenye kiburi bado ni mzima. Nilidhani wenzangu wakilima, wakati utapita, mkono utapona, nami nitakuja kama zamani. Mkono haukupona kwa wakati.

Mpira wa miguu ni kweli nilicheza. Mkono niliutia ndani ya shati usigongwe. Hayakuwa madaha. Nilikuwa nataka saa moja tu niwe mtu ambaye hakikumtokea kitu. Nilipofunga goli nilisahau nikapiga makofi. Niliona nyota.

Naota mchana. Mpira unashuka, nafungua mkono, unapita katikati ya vidole na kuendelea kushuka, ndani ya ardhi, nami nausikiliza ukishuka, hauna mwisho.

Mjomba, wewe unajua kusema. Nenda kwa Mzee Abdalah. Mweleze habari ya mkono. Mwambie anipe mwaka mmoja. Mimi nitakuja nikipona.

Mikidadi


Mandawa
Alhamisi, 15 Februari 1951

Mpwa wangu mpenzi Mikidadi,

Barua yako ililetwa jana adhuhuri. Naandika alfajiri, wino unakataa kukauka kwa unyevu, na ukungu umeshuka juu ya ufuta hata sioni mwisho wa shamba langu.

Nilipofungua karatasi na kuona herufi zile, zimetawanyika, nyingine zimeangukia mstari wa chini, nilikaa kwanza. Sikuzisoma. Mama yako akaniuliza, "Nani ameandika? Mtoto?" Nikamwambia, "Ndiyo. Mtoto wetu." Kisha nikamsomea. Alilia kidogo, akauliza vidole gani, nikamwonyesha kwangu, akavishika vya kwangu mpaka nilipomaliza kusoma. Nakuomba radhi, nami ni mtu mzima asiyezoea neno hilo. Nilipewa mwandiko mgeni, shamba lililolimwa na wenzako, na mkono ndani ya shati, nikavijumlisha vyote nikapata kiburi. Mwalimu wa hesabu.

Umeniomba niende kwa Mzee Abdalah. Nilivaa kanzu nikatoka. Nilifika mpaka kwenye uzio wake. Alikuwa uani anasuka kamba, akaniona, akasema, "Mwalimu, karibu. Umekuja kusema au kukaa?"

Nikasimama pale. Maneno nilikuwa nayo, mazuri, nimeyapanga njiani: ajali, daktari, mwaka mmoja. Najua yangetosha. Yeye ni mkali lakini ana moyo. Angesema, "Masikini," na jembe lingebaki ukutani. Nikamjibu, "Nimekuja kukaa." Nikakaa. Tukazungumza habari ya nguruwe wanaokula mihogo. Giza lilipoanza nikaaga.

Usinikasirikie. Nikueleze kwa nini, maana kueleza ndiyo kazi niliyobaki nayo. Uliwatuma wenzako wakalime badala yako, wakalima vizuri, na uchumba ukaharibika. Sasa unanituma mimi nikaseme badala yako. Nami ningesema vizuri, Mikidadi. Hapo ndipo penye hatari. Baada ya hapo Sikuzani angeolewa na mtu ambaye hajamwona hata mara moja akiwa amechoka, ameona haya, au ana maumivu. Ameona wajumbe wake tu.

Unasema utakuja ukipona. Na usipopona? Bi Ashura anatafuta mtu wa kumzika. Je, ataomba afe katika mwaka ambao mkono wako ni mzima? Mke atazaa, paa litavuja, wewe utaugua, utakosa, utazeeka. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalokungoja uwe tayari. Njoo na mkono ulio nao. Utalima kwa kushoto, utalima vibaya, tuta lako litapinda kama nyoka na watoto watacheka. Acha wacheke. Utachoka mapema kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika jembe pale, na yule mama upande wa pili wa shamba ataona kila kitu alichotaka kuona.

Sikuahidi kwamba Mzee Abdalah atakubali. Pengine atasema mkono huo haulishi mtu. Pengine kesho jembe litashushwa mbele ya macho yako, nawe utalibeba mwenyewe mpaka kwangu, na tutakula pamoja, na mama yako atakukanda vidole kwa mafuta ya ufuta. Hilo pia ni bora kuliko kulipokea mimi peke yangu barazani. Lakini bado kipande kimoja cha palizi hakijaisha, kile cha bondeni chenye majani makaidi. Jana nilipopita nilimwona Sikuzani akipalilia huko polepole sana. Sijapata kumwona akifanya kazi polepole.

Usilete zawadi. Usivae nguo nyeupe. Usije na Agapiti, ingawa mama yako anasema nimpe salamu kijana yule na mikia yake. Ukifika usipite kwangu kwanza kujificha. Nenda moja kwa moja kwa Bi Ashura, simama uani pale wanapoweza kukuona, toa mkono ndani ya shati, sema jina la kilichokupata kwa mdomo wako, kisha uombe jembe.

Kesho ni Ijumaa. Tomasi, aliyekupa barua hii, nimemwomba asizime lori. Njia ina matope na anataka kuvuka kabla ya mvua ya jioni.

Kunja karatasi hii, uage stooni, upande lori leo.

Mjomba wako,
Amri Chilumba